Sweta za Kukua Nazo

Mtu akikuletea sweta, wewe utaitazama kwa mbele. Utaangalia rangi, utagusa vifungo, pengine utaiweka kifuani uone kama inakukaa. Bi Mkubwa hakuwahi kufanya hivyo mbele yangu. Yeye huichukua, akaigeuza ndani nje, akaitandaza mezani kama anayepasua samaki, na kabla hajasema neno hupitisha kidole gumba kwenye kila mshono. Sura ya nguo, husema, ni ya mnunuzi. Forodha wanataka kujua ndani kukoje.

Ninamwita Bi Mkubwa kwa sababu siku ya kwanza nilimwita Madam, akaniuliza kama tuko kituo cha polisi. Ni mtu wa Tanga, ana leseni ya uwakala wa forodha, na ofisi yake ndogo iko Sterling, jimbo la Virginia, katikati ya duka la matairi na jengo kubwa la kompyuta lisilo na madirisha ambalo hunguruma mchana kutwa. Kazi yetu ni hii: bidhaa yoyote inayoingia Marekani lazima ipewe namba ya ushuru, na namba hiyo ndiyo inayosema hiki ni kitu gani, kitatozwa nini na kitafuata sheria zipi. Sisi ndio tunaotafuta namba. Nimewaeleza watu wa kanisani kwetu mpaka koo likakauka, na bado wananiuliza kama ninaweza kuwapitishia mizigo ya jamaa zao pale uwanja wa ndege wa Dulles. Siwezi. Nimechoka kusema siwezi.

Mimi ni Mkenya wa bara, hasira zangu ziko karibu, na nilipoanza kazi ile nilidhani nguo ni nguo. Bi Mkubwa akanionyesha kwamba kitabu cha ushuru kinazigawa nguo mafungu mawili makubwa, zilizofumwa kwa vitanzi upande huu, na zilizoshonwa kwa kitambaa cha kusukwa, cha nyuzi zinazopishana, upande ule. Nikamwambia hilo ni rahisi, sweta zimefumwa, zingine zote zimesukwa. Akaniuliza, na hiyo tisheti uliyovaa? Nikasema imesukwa, tena kwa kujiamini. Alinipa kioo cha kukuzia akaniambia niinamishe kichwa nitazame pindo la tisheti yangu mwenyewe. Nikaona vitanzi vidogo vidogo, kimoja kimeshika kingine, vile vile kama sweta ya shosho, bibi yangu. Umri wangu wote nimevaa nguo za kufumwa na hakuna aliyeniambia.

Tangu siku hiyo nilianza kumpenda mama huyu kwa namna unavyompenda mwalimu anayekuudhi. Alinifundisha kwamba nguo ya pamba na akriliki haiamuliwi kwa maneno ya lebo peke yake, uzi wenye uzito mkubwa zaidi ndio unaoibeba. Alinifundisha kuhesabu vitanzi ndani ya sentimita bila kupepesa macho. Alinifundisha kwamba nguo inayofungwa mbele kwa kuweka kushoto juu ya kulia ni ya kiume, na kulia juu ya kushoto ni ya kike, na isiyojulikana huhesabiwa ya kike. Hapo alicheka kidogo. "Wakishindwa kujua," akasema, "wanatubebesha sisi."

Na kwenye mwimo wa mlango wa ofisi alikuwa amebandika utepe mwekundu. Kitabu kinasema nguo ya mtoto mchanga ni ile ya mtoto ambaye kimo chake hakizidi sentimita themanini na sita. Utepe uko hapo hapo. Mteja akija na mtoto, mtoto husimamishwa mlangoni. Wa chini ya utepe, nguo zake zina sehemu yao kitabuni. Aliyeupita, hata akiwa bado ananyonya kidole, kitabu kinamtafutia mahali pengine. Wako walioangua kilio pale mlangoni, na mmoja aliulamba ule utepe.

Lakini kilichonivunja nguvu kabisa kwa Bi Mkubwa ni kwamba hakubali jina la kitu. Mteja anapiga simu, anasema ana sweta za kike za pamba. "Hilo ni jina, baba," anamwambia. "Mimi nataka nguo." Mteja anasema ana picha nzuri sana. "Picha haina upande wa ndani." Wengine hukasirika wakaenda kwa mawakala wengine, na siku nikimwonyesha kwamba wateja wanapungua hunitazama kwa jicho la pembe kisha anaendelea kugeuza nguo. Mimi ningekuwa nimeshagombana na nusu ya Virginia. Yeye hapandishi sauti.

Sasa niseme habari za nyumbani, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoingiliana.

Mke wangu anatunza wazee katika nyumba ya wazee kule Germantown, Maryland, na tunaishi huko huko. Mimi ndiye ninayevuka mto kila asubuhi na foleni yake. Mama yake yuko Kinangop huko Kenya, ambako baridi haina mzaha, na anaongoza kikundi cha akina mama wanaofuma sweta kwa mashine za mkono. Kwa miaka mingi walifuma za shule, kijani na bluu ya giza, na mfanyabiashara mmoja wa mjini alizichukua zote kabla shule hazijafunguliwa. Hakuwa mtu mbaya. Ila wale akina mama walikuwa wamechoka na kijani.

Mzee mmoja anayetunzwa na mke wangu, bibi wa Kimarekani, alikuwa akisikia baridi hata kiangazi, na mke wangu alimpa kizibao alichofuma mama yake. Binti wa bibi yule ana duka la nguo za watoto wachanga huko Fairfax. Alikuja kumwona mama yake, akakishika kile kizibao, akauliza kimetoka wapi. Haikupita muda akaagiza sweta za watoto wachanga, rangi wachague wenyewe. Wachague wenyewe! Mama mkwe alipoambiwa hivyo kwenye simu alituuliza mara mbili kama tumesikia vizuri.

Hapo akafanya jambo zito. Aliwakusanya wenzake akawaambia wamwache mfanyabiashara wa mjini, wafume mzigo wa Fairfax. Wengine walisita, na walikuwa na haki ya kusita, kwa sababu mnunuzi wa sweta za kijani ukimjua unamjua, na huyu wa ng'ambo hakuna aliyewahi kumwona. Mama mkwe akasema mbele ya wote, ikishindikana niulizeni mimi. Yule wa mjini hakungoja, alitafuta kikundi kingine. Kwa hiyo duka la Fairfax likikataa, akina mama wale wangebaki bila mnunuzi hata mmoja, na aliyewatoa walikokuwa ni yeye. Mwanamke wa umri wake kule kwetu, neno lake likishaanguka, haliokotwi tena. Mke wangu alilijua hilo vizuri. Alikuwa akilala nalo na kuamka nalo.

Mama mmoja tunayesali naye alikuwa amekwenda Kenya likizo, akarudi na sampuli moja ya sweta ndani ya begi lake. Mke wangu aliifungua jikoni kwetu, akaikumbatia kwanza, akainusa. Ilikuwa ya manjano ya ndizi mbivu, shingo ya mviringo, mistari midogo kwenye mikono. Nzuri mpaka nikaona wivu kwamba mimi utotoni nilivaa kijani cha shule. Nikaipeleka kazini asubuhi nikiwa na raha zangu zote, nikaiweka mezani kwa Bi Mkubwa, nikamwambia ni sweta za watoto wachanga, za mama mkwe wangu, mzigo unakuja kwa ndege.

Akaigeuza ndani nje. Akapitisha kidole. Akahesabu vitanzi, akaguna kwa kuridhika, na guno lile kwake ni pongezi. Kisha akaitandaza, akachukua tepu ya fundi, akapima mkono, akapima kutoka bega hadi pindo. Akapima tena. Akainuka, akaipeleka mlangoni, akaishika kando ya utepe mwekundu mahali ambapo mabega ya mtoto yangekuwa.

"Huyu mtoto wenu mchanga," akaniuliza, "ameshaanza kunyoa ndevu?"

Nikaangalia. Ilikuwa sweta ya mtoto wa chekechea. Nilikuwa nimeibeba kutoka Germantown hadi Sterling na sikuona, kwa sababu kwetu hakuna mtoto anayevaa sweta inayomtosha. Sote tulikua tukiwa ndani ya nguo za mtu mkubwa kuliko sisi, mikono imekunjwa mara mbili, na mzazi anasema atakua. Kwa jicho langu sweta ile ilikuwa saizi kamili ya mtoto wa miezi minane.

Nikaanza kueleza. Nilisema duka limeagiza za wachanga, hati zote zinasema za wachanga, tukiandika vinginevyo mwenye duka ana haki ya kuzikataa. Bi Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalivuta faili kutoka upande wangu wa meza akaliweka upande wake. "Mzigo wa mkeo si wako," akasema. "Uko karibu nao mno. Niachie mimi, na sitaandika chochote mpaka niwe nimezishika zenyewe." Nilikuwa na la kusema, tena refu, lakini nikaufyata mdomo.

Nyumbani sikuweza kuufyata. Nilimwambia mke wangu yote, na kabla sijamaliza alikuwa ameshika simu. Alimpigia mama yake. Nilisikia upande wake tu mwanzoni, kwamba zimekuwa kubwa, kwamba watu wa huku wananunua nguo inayomkaa mtoto leo, hawanunui ya mwakani. Kisha akaiweka simu mezani kwa sauti ya nje, nikasikia mama mkwe akiuliza kwa upole, "Kwani huko mtoto hukaa kimo kimoja?"

"Mama, umetuharibia," mke wangu akasema.

Mama mkwe akasema, "Basi." Akakata simu.

Neno lile la mke wangu lilikuwa la mtu mwenye hofu, si la mtoto mwenye kiburi, lakini lilikuwa limeshatoka. Mke wangu alikaa jikoni akiwa amevaa sare zake za kazi mpaka nikamwambia chai imepoa. Binti yetu alikuja akauliza kwa Kiingereza shosho amefanya nini. Nikamwambia akalale.

Mzigo ulifika. Ghala ni lile la karibu na uwanja, baridi kama machinjioni, na Bi Mkubwa alikuwa ameomba ruhusa ya kufungua katoni moja na kutazama kabla ya kuwasilisha hati. Angeweza kumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe na goti lake bovu, nami nikaruhusiwa kumbebea kiti tu. Katoni ilipofunguliwa ilitoka harufu ya moshi wa kuni, na mimi nikageukia ukutani, sikutaka mtu anione.

Kisha nikaiona sweta ya kwanza ikinyanyuliwa, na nikadhani macho yananidanganya. Ilikuwa ndogo. Ndogo kweli, ya mtoto wa kubebwa. Ya pili hivyo hivyo. Niliitoa ile sampuli ya manjano kwenye mfuko nikazilinganisha. Ufumaji ule ule, uzi ule ule, mistari ile ile, lakini moja ni ya mchanga na nyingine ni ya mtoto wa kutumwa dukani.

Bi Mkubwa hakulinganisha chochote. Alishaigeuza ndani nje. Alipitisha kidole kwenye mkono wa sweta, akasimama, akarudi nyuma, akapitisha tena. Akaivuta karibu na taa. Kisha nikamwona akitabasamu, na si mtu wa kutabasamu ghalani.

"Njoo uone," akaniambia. "Wamepiga bandi."

Kila mkono ulikuwa umekunjwa kwa ndani na kushikizwa kwa mshono wa muda, ule ambao mafundi wa kwao Tanga huuita bandi. Mkunjo wa kwanza, halafu wa pili juu yake, kila mmoja na uzi wake wa peke yake wa rangi tofauti ili usikosee kukata. Pindo la chini nalo hivyo hivyo. Walizifuma sweta kubwa, wakazikunja zikawa ndogo, na kwa nje huoni kitu. Uzi ulishika nyuma ya vitanzi bila kutoboa hata kimoja. "Mikono ya watu," Bi Mkubwa akasema, akilisema hilo kama wengine wanavyosema amina. Akakaa kwenye kiti nilichombebea akaitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mimi nilikuwa nimeshapona. Nilimwambia basi mambo yamekwisha, ziko chini ya utepe, ni za watoto wachanga. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba bidhaa hutazamwa kama ilivyo inapoingia, si kama itakavyokuwa kesho.

"Ni kweli, nilikufundisha," akasema. Akainyoosha ile sweta gotini. "Lakini bandi hii, wameiweka ikae, au wameiweka ikatwe?"

Jibu nililijua na sikulitaka.

Akasema atamuuliza aliyeiweka.

Asubuhi iliyofuata mke wangu alikuja ofisini moja kwa moja kutoka zamu, macho mekundu, na tukampigia mama mkwe. Walikuwa hawajazungumza tangu lile neno. Bi Mkubwa alimwamkia shikamoo, akaitikiwa "salama, mama," maana kule kwetu Kinangop marahaba si ya kila siku. Akauliza habari za mvua, za miguu, za kazi. Mama mkwe akajibu yote kwa utaratibu. Kisha Bi Mkubwa akamuuliza kwa nini sampuli ilikuwa kubwa na zingine ndogo.

"Ile nilikata nyuzi," mama mkwe akasema. "Nilitaka huyo mama wa duka aone hatukumbania. Ukimpelekea mtu usiyemjua kitu kimekunjwa, atasema unaficha nini humo ndani."

Mke wangu akajifunika uso. Ni kosa ambalo angelifanya mama yeyote wa kwetu, kumwonyesha mgeni ukubwa wa zawadi kwanza.

"Na sweta hii, mama," Bi Mkubwa akaendelea, "mtoto anaivaa mpaka lini?"

Mke wangu alianza kutikisa kichwa mbele ya simu kana kwamba mama yake anamwona. Mimi nilikohoa. Nilikohoa tena, kwa nguvu, mpaka Bi Mkubwa akanisogezea maji.

"Akizaliwa anaivaa," mama mkwe akasema, na sasa sauti ilikuwa imechangamka, sauti ya mtu aliyeulizwa anachokijua. "Akianza kusimama tunakata uzi wa kwanza. Akianza kuuliza maswali tunakata wa pili. Akienda chekechea bado anayo. Akiiacha, mdogo wake anaichukua, na sisi tunarudisha nyuzi. Ndivyo ilivyo kazi yake."

"Ahsante, mama," Bi Mkubwa akasema. "Sijaona bandi nzuri hivyo tangu nilipoondoka nyumbani."

Simu ilipokatwa, mke wangu akamwomba Bi Mkubwa. Hakuomba kwa ujanja, aliomba wazi. Alisema mama yake amesimama mbele ya watu, na neno moja tu pale kwenye hati, mchanga, lingemwokoa. Alisema zenyewe ziko chini ya utepe, nani angejua.

Bi Mkubwa hakumkemea. Alimvutia kiti karibu. "Mama yako amenieleza nguo hii ni nini," akasema. "Amenieleza vizuri kuliko kitabu. Imetengenezwa ivaliwe na mtoto mpaka aupite utepe wangu, kwa makusudi, na makusudi yenyewe nimeyashika kwa mkono. Nikiandika ya mchanga, nitakuwa nimemkata maneno nusu. Na siku mtu wa forodha akizigeuza ndani nje kama nilivyofanya mimi, ataona mikunjo ile na atasema mama yako alikuwa anaficha. Hiyo ndiyo inayomharibia mtu jina."

Akaandika sweta za watoto, akaziweka mahali pake, na namba aliyoipata hakuijadili tena. Kisha akamwambia mke wangu aende kwa mwenye duka amweleze kabla mzigo haujafika mlangoni kwake. "Usimwache agundue mwenyewe. Akigundua, ni kasoro. Ukimwonyesha, ni ufundi."

Nilimkasirikia Bi Mkubwa njia nzima ya kurudi Maryland. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Na bado, nikiwa kwenye foleni ya daraja, nilijua kwamba kama ningekuwa na mama ng'ambo na jina lake liko mezani kwa mtu, ningetaka liwe mezani kwa yule.

Mzigo ulipita bila kuulizwa. Jumamosi asubuhi tukaenda Fairfax, mke wangu akiwa na sweta moja ndogo na ile sampuli ya manjano kwenye mfuko wa karatasi. Garini nilisema sana, kama kawaida yangu, mpaka akaniomba ninyamaze.

Mwenye duka alizipokea kwa furaha, akaisifu rangi, na mke wangu akamkatiza hapo hapo, akamwambia kuna jambo. Akamwambia forodha zimeandikwa sweta za watoto, si za wachanga, na akamwambia sababu. Mwenye duka akaondoa miwani kichwani akaivaa. Akasema, kwa haki kabisa, kwamba yeye aliagiza za wachanga, na wateja wake ni wazazi wa wachanga, na duka lake halina mahali pa kuweka nguo za wanaotembea.

Mke wangu akaigeuza sweta ndani nje juu ya kaunta.

Alimwonyesha uzi wa kwanza na uzi wa pili. Akaanza kumsimulia, kwa Kiingereza chake kinachokimbia akiwa na wasiwasi, kwamba yeye alikuwa na sweta kama hiyo, nyekundu, na kwamba kila ilipoanza kumbana mama yake alimwita mlangoni penye mwanga, akamshika mkono, akaukata uzi kwa meno. Kwamba hakuna aliyempima kwa rula. Kwamba alijua amekua kwa sababu mama amekata uzi, na siku hiyo alitembea kijiji kizima akiwaonyesha watu mikono. Miaka kumi na saba tumeoana, na mimi habari hizo nilizisikia pale kaunta pamoja na yule Mmarekani.

Mwenye duka akauliza kama anaweza. Akachukua mkasi mdogo, akakata uzi wa kwanza wa mkono mmoja, taratibu, akauvuta. Mkono ukashuka. Hakukuwa na alama, hakukuwa na tundu, rangi ilikuwa ile ile. Akauweka kando ya mkono ambao haujakatwa akaitazama yote miwili. Akauliza nani amefanya hivi. Mke wangu akasema, mama yangu na wenzake.

Akasema atazichukua zote. Alitaka tu maneno yale ya mlangoni yaandikwe kwenye kikadi kidogo kitakachofungwa kwenye kila sweta, na akauliza kama baada ya hizi wanaweza kufuma zingine.

Tulitoka hadi maegesho. Mke wangu akampigia mama yake pale pale, amesimama kando ya gari, na huko nyumbani jioni ilikuwa inaingia. Mama alipopokea tu, mke wangu akafungua mdomo, yakatoka machozi badala ya maneno, akanisukumia simu. Mimi na mama mkwe hatuzungumzi sana, ni heshima, tunasalimiana na kuulizana watoto. Nikajikaza.

"Mama, ni mimi. Zimekubaliwa."

Nikasikia mashine moja ikipita, kra, kra, na kuku.

"Zote?"

"Zote, mama. Na anataka zingine. Kazi yenu imesifiwa huku mpaka na mtu wa forodha."

Nilipodhani ataanza kumshukuru Mungu kwa sauti kama anavyofanya, alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu, "Mimi niliwaambia mchana huu wachague mwingine wa kuwaongoza. Tangu ile simu ya maswali sikusikia kitu, nikajua zimekataliwa, nikawaambia kosa ni langu. Sikutaka wasikie kwa mtu mwingine."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amesogeza sikio karibu na simu na alikuwa amesikia.

"Wakasema nini, mama?"

"Hakuna aliyesema kitu. Mmoja alinisogezea uzi, wakaendelea kufuma." Akavuta pumzi. "Nikakaa nikafuma."